Bwana Harusi Aliyefunga Barabara

Mdogo wangu Korbinian aliifunga barabara aliyotakiwa kupita bibi harusi wake. Hakufungiwa na mtu, aliifunga mwenyewe, kwa kauli yake, mbele ya watu. Huku kwetu Tannau wanamtania mpaka leo. Wengine wakisimulia wanaongeza chumvi, basi acheni nisimulie mimi dada yake, niliyekuwepo.

Bibi harusi ni Zenzi wa Hochegg. Hochegg ni kile kitongoji cha juu, nyumba chache na hoteli moja ndogo ya familia yake. Kanisa, kituo cha zimamoto na watu wengi tuko chini, Tannau. Barabara ya kutuunganisha inapita chini ya mteremko mrefu uitwao Ukuta wa Mbuzi, na hakuna nyingine. Wakati wa baridi theluji ikijaa juu ya Ukuta, kamati ya maporomoko ya theluji hukutana na kuamua magari yapite au yasipite. Korbinian ni mjumbe wa kamati hiyo tangu ujana. Ndiye anayepanda milimani kwa skii kuchimba mashimo na kuitazama theluji ilivyojipanga, tabaka juu ya tabaka.

Mashimo hayo ndiyo yaliyomkutanisha na Zenzi. Zenzi alifiwa na mumewe mapema, kwa maradhi, akabaki kuendesha hoteli pamoja na mama yake, Mama Philomena. Korbinian alikuwa na shimo lake nyuma ya hoteli ile, na akimaliza kuchimba aliingia jikoni kunywa supu. Majira yakaja, majira yakaenda, shimo, supu, shimo, supu. Mimi nilimwambia, "Wewe Korbi, mwanamke anakuwekea kwenye supu madonge ya mkate makubwa kuliko ya wageni wanaolipa, hujaelewa tu?" Akanijibu kwamba theluji ya mwaka ule ilikuwa na tabaka la kuvutia sana.

Mwishowe Zenzi mwenyewe alichoka. Alimtokea shimoni huku kashika mwiko, akamwambia, "Shimo hili ungeweza kulichimba huku unaishi hapa hapa. Au unaogopa?"

Korbinian, akiwa ndani ya shimo mpaka kifuani, akasema, "Siogopi. Nilidhani ungekataa."

"Basi toka humo, upate jibu lako kama binadamu."

Harusi ikapangwa Jumamosi ya katikati ya baridi, msimu ambao hoteli haina wageni wengi.

Sasa, mwaka ule ulianza vibaya. Theluji ya kwanza ilikuwa nyembamba, kisha likaja jua na baridi kali kwa muda mrefu. Theluji nyembamba ikikaa kwenye baridi namna ile huharibika kwa chini. Chembe zake huachana, zinakuwa kama sukari, ukizishika zinamwagika vidoleni. Halafu, wiki ile ile ya harusi, dhoruba ikaja kutoka kaskazini na upepo wake, ikarundika theluji mpya juu ya ile sukari na kuishindilia ikawa bamba. Mtu asiyejua angeona mlima umevaa shuka safi. Korbinian alikuwa akiutazama kutoka dirishani kwangu, amekunja uso, hata chai hakunywa.

Ijumaa asubuhi akaniambia, "Dada Hedwig, twende." Huko juu hatupandi peke yetu, na mwenzake wa kila siku alikuwa na homa. Tukavaa skii, kila mmoja na kifaa chake cha mawimbi kifuani, cha kumtafutia mtu akifukiwa, koleo mgongoni, tukapita msituni mpaka kwenye kijiteremko kifupi kisicho na hatari, kinachoelekea upande ule ule unaoelekea Ukuta. Akachimba. Akakata nguzo ya theluji, akaweka bapa la koleo juu yake, akaanza kugonga kwa vidole aone kama itashika, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa.

Nguzo ikakatika chini, ikateleza yote kwa pamoja, ikatua miguuni pake.

Akakata nyingine. "Gonga wewe."

"Kwa nini mimi? Mjuzi ni wewe."

"Leo siiamini mikono yangu. Pengine inaogopa kupita kiasi. Au pengine inataka barabara iwe wazi. Gonga, dada."

Nikagonga. Ile yangu haikungoja hata nizoee. Ikaondoka vuu! Nikamtazama mdogo wangu, mvi zimeingia ndevuni, suti yake mpya inaning'inia nyuma ya mlango wangu, nikataka kumkumbatia. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kulifukia shimo.

Kamati ikakutana kituo cha zimamoto. Meya Wendelin, ambaye ndiye mwenyekiti, ni mtu mwema na alikuwa amealikwa harusini na mkewe. Akasema, "Korbinian, wewe hapa una maslahi. Ukipenda, kaa pembeni, tuamue sisi."

"Nina maslahi kweli," Korbinian akajibu. "Kati yenu nyote hakuna anayeitaka barabara hii kuliko mimi. Na mimi nasema ifungwe. Sasa hivi."

Wakatazamana. Mmoja akacheka, "Mnaona? Kapata njia ya kuikimbia ndoa!" Wengine nao wakacheka, ila si sana, maana walishaona sura yake.

Wendelin akamsogelea, akashusha sauti. "Sikiliza, ndugu yangu. Kizuizi kitashuka saa sita. Mpigie Zenzi, apande gari sasa hivi, ateremke na mama yake. Dakika chache tu chini ya Ukuta. Nani atajua?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwona Korbinian akifumba macho. Nadhani alimwona Zenzi akifika, akishuka garini na gauni mkononi. Alipoyafumbua akasema, "Basi la shule lingekuwa juu sasa hivi, ungeliruhusu literemke?"

"La."

"Basi Zenzi naye hapiti."

Akatoka nje, akaishusha nguzo ya kizuizi kwa mkono wake, kisha akaja kusimama karibu yangu kupiga simu. Sauti ya Zenzi ni kubwa, nilisikia kila neno.

"Umenifungia barabara, Korbinian?"

"Nimeifunga."

"Na gauni limeshapigwa pasi."

"Najua, mpenzi wangu."

"Na nyama ya harusi nzima iko jikoni kwangu!"

"Najua."

"Unajua, unajua! Kwa hiyo kesho nitaolewa na nani, na sufuria?"

Akakata simu. Haukupita muda ikalia yangu. "Wifi, niambie ukweli. Theluji ni mbaya, au mdogo wako ameiogopa ndoa?"

"Wifi, niligonga mwenyewe kwa mkono huu. Ni mbaya."

"Nyie Tannau wote waoga," akasema, lakini hasira ilikuwa imepungua kidogo.

Zenzi si mtu wa kukaa akalia dirishani. Alizaliwa na skii miguuni. Jumamosi asubuhi, bila kumwambia yeyote huku chini, alimchukua kaka yake Vinzenz wakaifuata njia ya zamani ya wakata magogo, inayopita kwenye mgongo wa mlima katikati ya misonobari. Alikusudia aje kanisani kwa skii, gauni ndani ya begi. Njia ile ni nzuri, ila kuna sehemu moja miti inaachana na kuacha uwazi, na ukingo wa uwazi ule unashikana na Ukuta.

Walipofika hapo, akamwambia Vinzenz angoje mitini. Akapeleka skii moja mbele, kisha ya pili. Theluji ikazama chini yake mara moja, na kutoka ndani ikatoka sauti nzito, kama ng'ombe aliyeguna usingizini. Ufa ukatoka mbele ya skii zake na kukimbilia juu. Hakuna kilichoanguka. Zenzi hata hakugeuka. Alirudi kinyumenyume, akikanyaga alama zake mwenyewe, mpaka mgongo wake ukagusa mti. Ndipo akatoa simu.

Korbinian alikuwa kwangu, nikimfunga tai, maana wageni wa huku chini walikuwa wanakuja hata hivyo.

"Imeguna," Zenzi akasema.

Mdogo wangu akageuka rangi ya ukuta. "Uko wapi? Zenzi! Uko wapi?"

"Niko mitini. Niko na Vinzenz. Tunarudi."

"Rudini kwa alama zenu hizo hizo, msikate kona, mmoja mmoja, msi—"

"Usinifokee siku ya harusi yangu."

"Sifoki," akasema, machozi yanamtiririka mpaka kwenye tai niliyokwisha kuifunga vizuri.

"Korbi." Sauti yake ilikuwa imetulia. "Ulifanya vizuri. Ningekuwa ndani ya gari jana, chini ya Ukuta, na mama... Ulifanya vizuri. Sasa tafuta bendi. Siwezi kuoga na kuvaa halafu nisicheze."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mchana mawingu yakapasuka. Nyuma ya kanisa kuna kilima, na kutoka hapo unaiona Hochegg ng'ambo ya korongo, pamoja na roshani ya hoteli. Tukapanda wote, wageni, padri, bendi ya matarumbeta na kreti za bia. Sisi tulikuwa na bia na keki. Wao walikuwa na nyama, madonge, kabichi na bibi harusi. Mama Philomena akawa ananipigia simu kila baada ya muda kunieleza jinsi nyama ilivyolainika. Mama yule ana roho ngumu!

Mpiga tarumbeta kubwa akasita. "Korbinian, tukipiga hatutaiangusha theluji?"

"Kelele haiiangushi, inaangushwa na uzito. Ingekuwa kelele, ningewapanga hapa tangu juzi mpige mpaka ishuke yote. Piga, bwana!"

Wakapiga. Kwa darubini tulimwona Zenzi akitokea roshanini na gauni lake jeupe, kajifunga shali nyekundu ili aonekane. Alicheza na mama yake. Korbinian alicheza nami kwenye theluji iliyokanyagwa, na kila tukizunguka shingo yake ilibaki imeelekea ng'ambo, mpaka nikamkanyaga makusudi.

Jumapili Ukuta haukushuka, wala Jumatatu. Watu wakaanza maneno. "Bwana harusi, mlima wako umelala?" Helikopta ikaja, ikadondosha baruti mara kadhaa, na kilichoshuka ni kitheluji kidogo tu, kikafa kabla ya kufika barabarani. Halafu upepo wa joto kutoka kusini ukavuma, baridi ikarudi, theluji ikajishika. Korbinian akapanda tena, akachimba, akagonga mpaka mkono ukauma, na nguzo ikasimama. Akaja akainua kizuizi.

Kwa hiyo hakuna ajuaye. Pengine magari yote ya harusi yangepita salama siku ile, tukala nyama ikiwa ya moto. Wapo wanaosema hivyo, na Korbinian hawabishii. Nilimuuliza mara moja kama linamuuma, akaniambia kuna maswali ambayo usipopata jibu lake, shukuru.

Zenzi aliteremka nyuma ya gari la kusukuma theluji, amevaa gauni, sufuria ya madonge mapajani, kwa sababu alisema hamwamini mtu. Padri akawafungisha ndoa siku hiyo hiyo, katikati ya wiki, kanisa limejaa watu waliotoroka kazini. Kwenye karamu Wendelin akasimama, akasema anamtakia bibi harusi subira, kwani ameolewa na mtu anayefunga kabla ya kufungua. Watu wakaangua kicheko.

Zenzi akajibu akiwa amekaa, anakata mkate. "Mheshimiwa Meya, mimi nimeisikia ikiguna. Mtu akinifungia mlango ili niishi, nitamfungulia mimi." Kisha akamwekea mumewe donge kubwa.

Jioni kabla giza halijaingia niliwapeleka Hochegg kwa gari langu. Walikaa nyuma, wameshikana mikono. Tulipoingia chini ya Ukuta wa Mbuzi, nikamwona Korbinian kwenye kioo, kabandika shavu dirishani, macho yanapanda na kushuka kwenye mteremko.

"Mume wangu," Zenzi akamwambia, "niangalie mimi basi."

"Nitakuangalia," akasema, bila kugeuka. "Tukishapita."

Zenzi akacheka, akakilaza kichwa chake begani kwake, nami nikaongeza mwendo kidogo.