Kutu ya Gurudumu la Nyuma

Mzee mwenye gari kubwa la kijivu alifika gereji asubuhi, akasema taa ya breki imewaka na haizimiki. Fundi, mama wa makamo aliyemfahamu mzee huyo tangu mke wake akiwa hai, alichomeka mashine ya kupimia. Ikaonyesha hitilafu kwenye sensa, kifaa kinachopima mwendo wa gurudumu, ya gurudumu la nyuma upande wa kushoto.

Alipofungua gurudumu, aliukuta waya mzima, ila sensa ilikuwa imeliwa na kutu.

"Baba, gari hili halitembei?" fundi aliuliza.

"Litembee liende wapi? Mwenye safari alikuwa marehemu mama yenu. Mimi nilikuwa dereva wake tu." Akacheka kidogo, peke yake.

Fundi alisugua kutu kwa brashi, akafunga sensa mpya, akafuta hitilafu kwenye mashine. Taa bado ilikuwa inawaka.

"Itazimika tukitembea kidogo," alisema. "Endesha wewe, mimi niangalie."

Walipopita kona ya kwanza, taa ikazimika. Fundi akamwambia akanyage breki. Gari likasimama bila kuyumba.

"Limepona, baba. Turudi."

Mzee hakugeuza. Aliuliza kwa sauti ya chini kama fundi ana kazi nyingi.

Gerejini magari ya watu yalikuwa yakimsubiri. "Si nyingi," alijibu. "Twende mpaka mwisho wa barabara."

Mzee akaondoa gari taratibu, akaanza kumwonyesha duka ambako mkewe alizoea kununua vitambaa. Fundi akawa anaitikia.