Kizibao Chenye Nafasi ya Pumzi

Mama Vumilia, anayepika uji na mihogo nyuma ya karasha la kusagia mawe, hadi leo anaapa kwamba Maige alikabwa na jini. Anasema alimwona kwa macho yake haya mawili: kijana kabeba kiroba cha mawe begani, mzima kabisa, anapiga mluzi, mara akasimama kama mtu aliyeitwa kutoka shimoni. Akatoa macho. Akafungua mdomo kama samaki. Kisha kiroba huko, yeye huku, puu!

"Nani alimgusa? Hakuna," humwambia kila anayekunywa uji wake. "Ni lile duara jipya, lile shimo la dhahabu. Walilifungua bila kuchinja kondoo mweusi, sasa linajichagulia lenyewe."

Watu hucheka, lakini hucheka huku wakiangalia nyuma.

Maige hakumbishia. Angemwambia nini? Kwamba hilo jini alilifunga mwenyewe, kwa mikono yake, kabla wenzake hawajaamka? Pale machimboni, nje kidogo ya mji wa Geita, viroba vya mawe hufungwa kwa mipira, vipande virefu vilivyokatwa kwenye tyubu kuukuu za pikipiki. Kila mchimbaji ana mipira yake kiunoni. Ukiivuta na kuikaza, kiroba hata kikiburuzwa hakifunguki. Maige akaona, kama inashika mawe, kifua kitaishinda vipi? Akajizungushia juu ya fulana, akakaza mpaka kifua kikalala, akavaa shati. Siku ya kwanza alitembea kutoka kambini hadi karasha shati limemlalia mbele bila kuinuliwa na kitu, upepo ukilipiga na kulishikiza mwilini, na kidogo alie kwa raha.

Maana jambo hili hakulianzia machimboni. Tangu kifua kilipoanza kuota, akiwa darasa la sita kwao Shinyanga, alikiona kama mgeni aliyeingia bila hodi na kukataa kuondoka. Nyumbani aliitwa Agatha. Aliitika, kwa sababu ndilo jina alilopewa, lakini kila alipoitika alihisi anamwitikia mtu mwingine aliyetoka kidogo. Maige lilikuwa jina la babu yake. Siku alipofika Geita kutafuta kazi, msimamizi alimwangalia juu mpaka chini akamuuliza kwa Kisukuma chao kama anavyowauliza vijana wote wa kiume, "Nyanda, unaitwa nani?" na jina la babu likatoka lenyewe, kama lilikuwa limesimama mlangoni likingoja kufunguliwa.

Siku ile alipoanguka, Meshack anayesaga naye mawe ndiye aliyempakia kwenye pikipiki hadi zahanati moja ndogo huko Kalangalala. Njia nzima alikuwa akimpigia kelele: "Usife, bwana! Umevaa ndala zangu!"

Nesi Scolastika alimtoa Meshack nje, akavuta pazia, akachukua mkasi. Mipira ilipokatika, Maige alivuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Ngozi ilikuwa imechubuka, na ubavuni palikuwa na michirizi iliyovimba. Akageuzia uso ukutani akingoja kicheko. Kicheko hakikuja.

"Hapa panauma?"

"Sana, sista."

"Vuta pumzi. Vuta zaidi. Inagoma?"

"Inagoma."

Scolastika akavuta stuli akakaa. "Mdogo wangu, sikuulizi kwa nini unafunga. Nakuuliza unafungaje. Mpira hauna huruma. Ukitota jasho unazidi kung'ata, halafu juu yake unaweka kiroba! Hizo mbavu zipanukie wapi?"

"Bila kufunga sitoki nje, sista. Siwezi."

"Nimekusikia. Basi jifunge kama mtu anayetaka kuzeeka."

Akamweleza polepole, kama anavyoeleza dawa. Atafute kizibao cha kitambaa imara kisichovutika mbele, chenye mabega mapana, kishonwe kwa kipimo chake mwenyewe. Akikivaa, avute pumzi mpaka mwisho, akohoe. Akishindwa, kinabana mno. Kiwe cha saa chache za mchana, usiku akivue. Siku ya kubeba mizigo akiache nyumbani, avae shati pana.

"Na ukisikia maumivu au ganzi, vua hapohapo. Usijikaze kiume."

Maige akacheka, mbavu zikamkatisha.

"Sasa hivi usifunge chochote mpaka upone," nesi akasema. "Kisha utafute fundi unayemwamini. Unaye?"

Alikuwa naye mmoja tu, naye ndiye aliyemzaa.

Lusia hushona kwenye baraza ya duka moja huko Ngokolo, mjini Shinyanga: sare za shule, gauni za kipaimara, majoho ya kwaya. Tangu Maige aondoke, walikuwa wakiongea kwa simu tu. Umekula? Nimekula. Mvua imenyesha huko? Bado. Mambo mengine yalibaki kwenye kile kimya kabla ya kuagana. Lakini kambini, akivaa mashati ya mtumba yaliyokatwa kwa miili ya watu asiowajua, Maige alitamani mikono ile. Alitamani kusimama tena mbele ya mama yake, pini amezibana mdomoni, akimgeuza kwa kidole: huku, sasa huku, simama wima.

Alifika mchana, jua la Shinyanga limewaka, naye, kifua bado hakijafungwa, amejifunika koti zito la Meshack, mabega ameyakunja.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba," Lusia akajibu bila kuinua kichwa. Kisha mguu wake ukaganda juu ya pedali ya cherehani.

Mzee Valerian wa kwaya alikuwa amekuja kuchukua joho lake. "Mama Agatha, huyu kijana wa wapi? Mbona amevaa koti kama yuko kwenye baridi ya Makete? Au umemwoza Agatha kimyakimya, na huyu ndiye mkwe?"

Lusia alimwangalia mtoto wake. "Huyu ni wa kwangu," akasema. "Chukua joho, mzee, wenzio wanaimba bila besi."

Wa kwangu. Maige akalificha neno hilo kama wachimbaji wanavyoficha chembe ya dhahabu chini ya ulimi.

Mzee alipoondoka, walikwenda nyuma ya pazia la kanga, na Maige akasema yote: mipira, kuanguka, nesi, kizibao. Akainua shati. Lusia akaifuata michirizi kwa ncha ya kidole, kama anatafuta mshono ulipokosewa.

"Yaani hivi umejifanyia wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa mipira ya viroba?"

"Ndiyo, mayu."

"Mjinga wewe! Si ungeniambia nikupe hata kitam..." Akamshusha shati, akalinyoosha pindo. Akarudi barazani kwenye cherehani, akakaa; Maige akamfuata.

"Mtaa mzima naitwa Mama Agatha," akasema. "Kanisani, sokoni, mpaka bibi yako aliacha kuniita Lusia siku nilipokuzaa. Ukimwondoa Agatha, mimi niitwe nani?"

Swali hilo Maige hakuwa amelifikiria. Njia nzima aliwaza jina lake. Hakujua kwamba mama naye alikuwa amelivaa lile la zamani, tena kwa fahari.

"Sijamuua, mayu. Nimechoka tu kumvaa."

Mezani palikuwa na kipande cha kitambaa cha drili, cheupe, imara, kilichobaki kwenye sare, na utepe wa kupimia ulikuwa umening'inia shingoni mwake. Maige akavua koti mchana kweupe, barazani, watu wakipita. Akasimama wima mbele yake, mikono ameiachia kidogo pembeni kama zamani.

"Nipime, mayu," akasema. "Uniachie nafasi ya pumzi. Utanishonea?"

Lusia aliivuta ile drili magotini, akalamba ncha ya uzi, akailenga kwenye tundu la sindano. Ikapita pembeni. Akailamba tena.