Mtu Asiyeharibiwa na Vitabu

Majira manne ya baridi nilisoma shule ya jioni katika ukumbi wa chama cha mihadhara, mikono ikinuka utomvu wa msonobari, maana mchana nilikuwa mkata kuni. Mwaka wa tano niliandika insha, kurasa kumi na mbili, kuhusu visiki vinavyochipua. Nilitaka kuisoma mwenyewe mbele ya kijiji. Kwetu Massachusetts mwanachama yeyote aliweza kuomba jioni yake ya kuhutubia, mradi msomi mmoja amdhamini.

Niliipeleka kwa Bwana Lemuel Thaxter, mshairi na mwandishi wa insha, aliyefundisha kwamba Mungu yumo katika kila jani na kila mtu. Kuni zake nilizikata mimi. Alikaa na insha wiki mbili.

"Enos," akaniambia, "Jumatano njoo ukae mbele."

Mke wangu Keziah akanifunga tai. "Na usikohoe," akasema, "watadhani wameingiza ng'ombe."

Jumatano Thaxter akapanda jukwaani, akazungumzia visiki. Mawazo yalikuwa yangu, na mpangilio wangu, hata ile mizizi yenye umri mkubwa kuliko kanisa letu. Kisha akaninyooshea mkono. "Haya nimeyapata kwa mkata kuni huyu. Hajaguswa na kitabu. Asili yenyewe imemfundisha!"

Watu wakapiga makofi, wakigeuka kunitazama kama dubu wa maonyesho.

Nikasimama. "Bwana, nimesoma miaka minne, humu humu. Insha hiyo nimeiandika kwa mkono wangu."

"Mnaona unyofu wake?" akasema, akitabasamu kwa upendo wa kweli.

Watu walipoanza kutoka, Shemasi Wheelock, mwenyekiti wetu, akamuuliza, "Sasa Lemuel, huyu tumpe jioni yake?"

"Msimpe. Jukwaa litamharibu. Mwacheni alivyo."

"Basi umepona, Enos," Shemasi akacheka. "Rudi kwenye magogo yako, ndugu yangu."

Jumatatu Thaxter akatuma ujumbe kwamba kuni zimemwishia. Nikamjibu kwa maandishi, kwa hati yangu nzuri, kwamba aiombe Asili imkatie.

Mhadhara ule ulichapishwa kitabuni mwaka uliofuata. Humo sina jina, na natembea peku. Nimeusoma mara tatu nikitafuta kosa. Ameuandika vizuri kuliko nilivyoandika mimi, na hilo sijamsamehe mpaka leo.