Gambuti Mlangoni

...na mti ulikuwa unamla Leonidas bega la kushoto, hilo nililiona kwa macho yangu, yote haya niliyaona, asibishe mtu, kwa sababu mti huohuo nilikuwa nimeushika mimi kwa nyuma, tunampandisha Wiston kwenye ingobyi, machela yetu ya mianzi, kutoka Mugoma kwenda zahanati, pikipiki zimeshindwa na tope, na mimi ninayeiga sauti ya mchungaji mpaka mbwa wake wanakuja mbio wakidhani wameitiwa chakula, nitashindwaje kusoma kisogo cha Leonidas, mzee wa kanisa, hatua nne mbele yangu, kisogo kinatoka jasho na kinasema, mwambie Wiston sasa, muombe msamaha kabla hatujafika, lakini atamwambiaje na Bernardo yuko hapo ubavuni, ameshika mti wa kulia, Bernardo yuleyule aliyesimama kwenye kikao cha wazee akasema mtumishi wa Mungu hatembei na mlevi, waumini watachanganyikiwa, na yeye Leonidas akaitikia amina, amina ya haraka, kama mtu anayefukuza inzi... "Polepole, ndugu," Bernardo anasema, "hapa panateleza," polepole, hata Wiston alisema polepole, mwaka ule, mvua kama hii, Marsiana, mke wa Leonidas, amelala kwenye ingobyi hiihii anatokwa damu, mimba imeharibika, na ndugu wote katika Bwana wako Biharamulo kwenye mkutano wa injili, nani atambebea mke, Leonidas akaenda kusimama mlangoni kwa wauza pombe, akasema nisaidieni, jamani, na Wiston akaweka chini kibuyu cha rubisi bila kukimaliza, akasema, "Twendeni, shemeji hawezi kungoja mahubiri yaishe," akashika mbele, hakubadilishana na mtu mpaka juu, na Marsiana yupo mpaka leo, anapika, anaimba kwaya... na wiki moja baada ya kile kikao Wiston akaja na mkungu wa ndizi begani, na Leonidas akatokea mlango wa uani, mtu mzima, akajibanza migombani, anamsikia mkewe anadanganya kwa ajili yake, "Hayupo, shemeji, ameenda Bugarama," na gambuti zake ziko pale mlangoni, tope bado bichi, Wiston akazitazama, akacheka kile kicheko chake cha puani, mara mbili, hm, hm, "Haya, shemeji, mwambie gambuti zake zimenisalimia vizuri," akautua mkungu, hakurudi tena, miaka mitatu, wakikutana njiani anapunga mkono kutoka ng'ambo, hakasiriki hata, afadhali angekasirika... na sasa kichwa chake kiko hapa, nyuma ya shingo ya Leonidas, pumzi ilikuwa inasikika mpaka darajani, inasikika bado, au ni mianzi inalia, mbona amekuwa mzito, mtu haongezeki uzito njiani, ni mlima, ni mlima tu, ee Bwana Yesu, wewe ulikaa mezani na akina nani, ukajificha nyuma ya migomba ya nani... "Mzee, tubadilishane," Kwizera anamwambia Leonidas, anatembea kando yangu akingoja zamu, "bega hilo utalizika kabla yako." "Bado." "Umebeba tangu bondeni." "Nimesema bado," na Bernardo anageuka, anamtazama, na hapohapo, mbele ya jicho la Bernardo, mdomo wa Leonidas ukafunguka wenyewe, "Wiston, siku ile ya mkungu nilikuwepo. Nilikuwa migombani. Nisamehe, ndugu yangu," na Bernardo akakanyaga vibaya, ingobyi ikayumba, ikatulia, halafu kutoka nyuma kikaja kicheko, cha puani, mara mbili, hm, hm, na kile kisogo kikalegea, nilikiona kinalegea kama kamba iliyokatwa, akalia huku anapanda, mlima uleule, tope lilelile, mti bado unamla bega, na hakumpa mtu zamu.

Yote hayo ni kweli tupu, isipokuwa kitu kimoja nilichokitunga mwenyewe, na nilikitunga palepale mlimani, si leo ninapokusimulia. Kicheko. Mimi niliyekuwa nyuma ndiye niliyekuwa namwona Wiston usoni, na macho yake yalikuwa yametulia wazi, bila kupepesa, tangu darajani. Kwizera alinitazama mdomo, akainamisha kichwa, tukaendelea kupanda.