Hapana Mwaga

Safari ya tatu ya siku ile Sulemani aliondoka Arua saa nane na dakika kumi mchana. Tangi lilikuwa limejaa maji hadi kwenye kifuniko, na ndege ikakimbia karibu uwanja mzima kabla ya kukubali kuiacha ardhi. Ilikuwa ndege ndogo ya kiti kimoja, ya kunyunyizia dawa ya mbung'o. Januari ile ya mwaka 1974 mvua ilikuwa haijaonekana tangu mwanzo wa Novemba, na moto ulioanzia porini upande wa Abuku ulikuwa ukitembea siku ya pili. Hakuna aliyekuwa na ndege ya kuzima moto. Iliyokuwapo ni hii, basi wakaliosha tangi lake kwa sabuni mara tatu, wakalijaza maji, wakamwambia rubani ajaribu.

Sulemani alikuwa mtu wa kujaribu polepole. Baba yake, Mnubi wa Koboko, aliachishwa uaskari akiwa Mombasa, akaoa huko na kuzeekea huko. Mwana alizaliwa huko, akasoma huko, na nchi ya baba yake aliikanyaga kwa mara ya kwanza wiki tatu tu zilizopita, akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili. Watu wa Arua walimpokea vizuri na kumcheka vizuri.

"Kikombe changu, kikombe chako!" Sadiya muuza chai alimwambia siku ya kwanza, akimwigiza Kiswahili chake cha pwani. "Wewe mutu unataka kunywa chai ama unataka kusomesha sisi?"

Akacheka naye, akanywa.

Sasa, akiwa juu ya miti ya njia ya Koboko, alitazama kipimo cha petroli. Kwa safari hii alikuwa ameipunguza ili abebe maji zaidi. Ilimtosha kwenda, kumwaga na kurudi, na ziada ya dakika kumi na tano hivi.

"Kepteni, unasikia mimi?" Redio ilikohoa. Ilikuwa sauti nzito ya Asiku, msaidizi wa kilimo, mtu wa Dadamu. Siku za kunyunyizia dawa Asiku husimama mwisho wa shamba na bendera nyeupe ili rubani ajue pa kugeukia. Leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa amepewa redio ndani ya Land Rover, huko kwenye moto.

"Nakusikia. Dakika tano nitakuwa hapo. Wagonjwa je?"

"Iko kumi na moja ndani. Sista Driwaru anasema saba hawezi tembea."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya siku ile: zahanati ndogo ya Dranya, nyumba tatu za ukuta wa udongo na paa la nyasi. Mbele yake, upande wa kaskazini, ilipita barabara nyembamba ya vumbi, na ng'ambo ya barabara nyasi zilisimama juu kupita kimo cha mtu hadi kwenye moto wenyewe. Barabara hiyo ilikuwa imekwisha kukatwa na moto pande zote mbili. Kusini kulikuwa na njia ya miguu tu, iliyofunikwa na nyasi vilevile, na kumbeba mgonjwa kitandani kwa njia ile ilikuwa kazi ya watu wanne na nusu saa. Watu wanne kwa wagonjwa saba, hesabu haikutoka.

Alipoinama juu ya Dranya aliuona ule moto mkubwa. Safari mbili za asubuhi zilikuwa zimeupunguza makali upande mmoja, ila upepo ulikuwa umeamka. Ulibaki kama nusu maili kufika barabarani. Kisha akatazama karibu zaidi. Kando ya barabara, mbele kabisa ya zahanati, kulikuwa na mstari mpya wa moto, mdogo, unaoanza kupata nguvu. Cheche zimeruka, akawaza. Watu kadhaa walikuwa wakikimbia karibu nao wakiwa na matawi mikononi.

Maji ya tangi zima yakimwangukia mtu yanaweza kumvunja shingo. Akabonyeza redio.

"Asiku, naona moto barabarani, na watu wako karibu. Ningoje?"

Redio ikakohoa. "Hapana mwaga!"

Hakuuliza mara ya pili. Aliishusha ndege, akapiga hesabu ya upepo, akaona watu wakitawanyika kuelekea zahanati, akavuta mkono wa tangi. Ndege iliruka juu kama punda aliyetuliwa mzigo. Alipogeuza kichwa, katikati ya ule mstari moto ulikuwa umekufa kwa urefu wa hatua mia hivi, na mvuke mweupe ulikuwa unapanda. Lilikuwa pigo safi kuliko yote ya siku ile. Watu walikuwa wakirusha mikono juu, naye akadhani wanashangilia.

"Kepteni! Umefanya nini? Mimi nasema hapana mwaga!"

"Umesema nisingoje, nimwage."

"Nimesema hapana! Hapana mwaga! Hiyo moto iko yetu! Ladu amewasha yeye mwenyewe, ya kula ile kubwa!"

Sulemani akaelewa: moto mdogo uliwashwa makusudi uchome nyasi za mbele, ili ule mkubwa ukifika ukose cha kula.

Aliyelelewa Mombasa, akiuliza "ningoje?" na kujibiwa "hapana, mwaga," anamwaga. Lakini Arua, ambako Kiswahili kilifika na askari na wachuuzi, "hapana" hufuatana na kitendo kama mbwa na mwindaji. Hapana kuja ni usije. Hapana mwaga ni usimwage. Si kwamba Sulemani hakulijua hilo. Alikuwa amelisikia sokoni mara mia. Ila sokoni msemaji ana mkono wa kupunga na uso wa kukunja. Redioni kuna sauti tu. Asiku alisema sawasawa kwa lugha ya kwao, na Sulemani alisikia sawasawa kwa lugha ya kwao, na katikati ya usawa huo wa watu wawili palikuwa na pengo la hatua mia ambalo moto mkubwa ungepitia.

"Nimekosea," alisema. "Asiku, kuanzia sasa tutumie maneno mawili tu. Ukitaka nifanye, sema 'piga'. Ukitaka nisifanye, sema 'acha'."

"Piga na acha. Nasikia." Kisha: "Unaweza leta maji ingine?"

"Kwenda na kurudi ni dakika arobaini. Moto utafika kabla ya robo saa."

Alisikia watu wakisemezana kwa Kilugbara karibu na redio, mmoja kwa hasira, mwingine kwa sauti nyembamba ya kama mzaha. Asiku akarudi.

"Ladu anasema yeye iko ingia. Anapita ile majani ya maji, anawasha tena huko mbele."

Ladu alikuwa mwindaji wa panya wa porini. Kila kiangazi, watu wa huko wanapochoma nyasi kuwafukuza panya kwenye mashimo, yeye ndiye huamua moto uanzie wapi na uishie wapi. Sasa alitaka kupita sehemu iliyolowa na kuwasha nyasi kavu zilizo ng'ambo yake, mbele ya uso wa moto mkubwa, ili pengo lizibwe.

"Nyasi zimemzidi urefu," Sulemani alisema. "Na moshi umetanda. Atajuaje mahali maji yalipoishia?"

"Ndiyo anauliza wewe. Anasema, wewe umemwaga, wewe unajua."

Ilikuwa kweli. Kutoka juu ile sehemu iliyolowa ilionekana wazi, nyeusi kidogo kuliko nyasi nyingine, kama doa la jasho mgongoni mwa shati.

"Mwambie nitapita chini, juu ya ukingo wa maji, kutoka mashariki kwenda magharibi. Nitakapopita juu ya kichwa chake, hapo ndipo awashe. Akimaliza arudi nyuma mara moja, aingie kwenye nyasi zilizolowa. Pale hapataungua upesi."

Wakaongea. Asiku akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Anasema, chini, lakini si chini mpaka unakata kichwa yake."

Ladu akaingia. Sulemani alimwona kwa nukta moja, shati la kahawia na mwenge wa nyasi, kisha nyasi zikamfunika.

Alipita mara ya kwanza. Joto la moto mkubwa liliitupa ndege pembeni, akairudisha kwa mikono miwili. Alipogeuka aliona moshi mwembamba mweupe ukianza mashariki ya doa. Mahali penyewe hasa. Alipita mara ya pili na moshi wa pili ukapanda. Kipimo cha petroli kilikuwa kimefika pale ambapo angetakiwa kuwa njiani kurudi Arua. Akakiangalia mara moja, kisha hakukiangalia tena.

Alipita mara ya tatu, na moto mpya ukaungana. Pengo lilikuwa limezibwa, isipokuwa nafasi finyu magharibi ambayo moto wenyewe ungejazia. Sasa moto mdogo ulianza kuvutwa na ule mkubwa, ukiinama kwenda kaskazini, kinyume cha upepo, kama kwamba umeitwa kwa jina.

"Ladu ametoka?"

"Bado."

"Tazama vizuri."

"Kepteni, mimi iko barabarani. Sioni mutu."

Sulemani alipanda kidogo na kuzunguka. Hakuona shati. Aliona nyasi zikitikisika mahali pasipostahili, mbele ya moto mpya, kati yake na ule mkubwa. Ladu alikuwa akienda kaskazini. Moshi ulikuwa umemfunga macho, na mtu aliyefungwa macho hufuata sauti anayoiamini. Mara zote tatu Sulemani alikuwa amegeuzia kaskazini, kwenye hewa safi zaidi, na Ladu alikuwa akiifuata ndege.

Ng'ambo ya pili, kusini, moshi ulikuwa umelala juu ya zahanati kama blanketi, na ndani ya blanketi hilo palikuwa na mvule mmoja mrefu kuliko paa mara nne. Sulemani alikumbuka mahali pake kwa kukadiria tu: kulia kwa nyumba ya kati, au kulia kidogo zaidi.

"Asiku, waambie watu wapige kelele kutoka barabarani. Madebe, sufuria, chochote. Mimi nitapita juu yake nikielekea kwenu."

"Huko iko mti!"

"Najua."

"Kepteni, acha."

Lilikuwa mojawapo ya maneno yao mawili, nalo lilikuwa wazi kabisa. Sulemani alilisikia, akalielewa, na safari hii hakulitii.

Akaja kutoka kaskazini, juu ya moto mkubwa wenyewe, chini kiasi kwamba harufu ya rangi inayoungua iliingia ndani. Akapita juu ya nyasi zinazotikisika, akapunguza injini na kuiongeza, kupunguza na kuongeza, ili sauti ipande na kushuka kama mtu anayeita. Kisha kioo kikawa cheupe. Hakukuwa na juu wala chini. Akahesabu moja, mbili, akainamisha ndege kushoto, na kitu kikachapa ncha ya bawa la kulia kwa mlio kama wa tawi kavu. Tatu, nne. Jua likatokea.

Bawa lilikuwepo. Ncha yake ilikuwa imekunjwa, na jani bichi la mvule lilikuwa limenasa hapo.

"Anakuja?" aliuliza.

Redioni alisikia madebe, mamia ya madebe kwa kusikia, na vigelegele vya wanawake, na sauti ya Sista Driwaru ikifoka kwa Kilugbara. Halafu Asiku:

"Ametoka! Amepita ndani ya moto, ameingia kwa maji, amelala hapo kwa majani ya maji! Watu iko vuta yeye!"

Nyuma yake mioto miwili ilikutana. Ilisimama pamoja wima, juu kuliko miti, kwa muda ambao mtu angeweza kusoma Fatiha. Kisha ikashuka, maana hapakuwa na kitu tena cha kula. Jiko la zahanati, lililokuwa upande wa magharibi, liliungua lote pamoja na magunia mawili ya mihogo. Nyumba tatu zilibaki, na wagonjwa kumi na mmoja ndani yake wakikohoa.

Petroli haikutosha kufika Arua. Sulemani alitua kwenye barabara ya Koboko, mahali iliponyooka, na akatembea kwa miguu hadi zahanati, karibu saa nzima, kofia mkononi. Njiani alitayarisha maneno. Alipofika yalikuwa mengi mno.

Asiku alimlaki mlangoni. Asiku ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono.

"Wakubwa watauliza kwa nini maji ilimwagika pale," alisema polepole. Miaka ile ya serikali ya kijeshi swali la wakubwa halikuwa jambo la kuchezea, hasa kwa Mlugbara wa Dadamu, ambaye watu wake walikuwa wakitiliwa shaka.

"Nitaandika kwamba rubani alisikia vibaya. Ndivyo ilivyokuwa."

"Nusu."

"Hiyo nusu ndiyo nitakayoiandika."

Ladu alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mwisho. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko, na nyusi hazikuwapo. Sista Driwaru alisema vidole vitapona, ila si kabla ya msimu wa panya kwisha.

"Mzee Ladu," Sulemani alianza, "mimi ndiye niliye—"

"Maji," Ladu alisema.

Palikuwa na kikombe cha bati mezani. Sulemani akakijaza kutoka mtungini, akakaa ukingoni mwa kitanda na kukisogeza mdomoni mwa yule mtu. Alikiinamisha haraka mno, na maji yakachuruzika kidevuni mwa Ladu hadi kwenye shati la kahawia.

"Polepole, rubani," Ladu akasema. "Leo umeshamwaga ya kutosha."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaanza kucheka, akashikwa na kikohozi, akaendelea kucheka. Sulemani alikishika kikombe kwa mikono miwili, akangoja Ladu ameze, kisha akamnywesha tena.