Kofia ya Thabit

Miye nlikuwa sitaki makubwa. Nlitaka wiki mbili za kukaa pwani ya watu wasionijua, miguu majini, bila ya kupika, bila ya kupokea wageni. Mume wangu Ishaq alikuwa karani wa wakala wa meli kule Matrah, na ofisini kwao kulikuwa na kalenda waliyoachiwa na kapteni Mgiriki: kisiwa cha Paros, nyumba nyeupe pe, milango ya buluu, bahari imetulia kama maji ya beseni. Nkamwambia ailete nyumbani. Agosti ya mwaka ule wa sabini ilikuwa haitaki kwisha, majabali ya Maskati yanatoa joto usiku na mchana, na mimi nnaikodolea macho kalenda.

"Watu hawa wanakula nini?" Ishaq akauliza.

"Samaki. Kwani weye hapa unakula lulu?"

Tangu Sultani mpya aliposhika Julai na mambo kufunguka, pasipoti zilikuwa zinatolewa na kila mtu ana safari mdomoni. Wenzetu Bombay, Karachi, Kuwait. Sisi Ugiriki, na wenye kucheka walicheka. Ishaq akamwandikia mjane mmoja mwenye nyumba ya wageni, jina lake kapewa na yule kapteni: chumba kimoja, watu wawili, katikati ya Septemba. Mimi nkaanza kufunga mizigo: ndimu kavu, achari, bizari ya pilau, maana siwaamini watu kwa chakula.

Kisha nkaanza kuaga. Sisi watu wa Unguja huondoki mpaka uzunguke nyumba kwa nyumba uombe radhi: nisamehe nilokukosea, nnalolijua na nisilolijua. Mwenye nyumba hujibu nimekusamehe, nenda salama, mkanywa kahawa, basi. Hakuna anayemuuliza mwenziwe kosa gani.

Nyumba moja nliiweka ya mwisho makusudi. Ilikuwa ya Bi Rahila, anayekaa Sidab, nje kidogo ya mji, aliyekuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta huko nyumbani Unguja, mtaa wa Malindi, kabla hatujahamia huku. Mwanawe Thabit hakuonekana tena tangu yale mapinduzi ya Januari sitini na nne. Wako waliosema alipata chombo akenda Mombasa, wengine Dubai, na kila msafiri Bi Rahila alimwagiza amuulizie.

Mimi nlikuwa najua zaidi. Asubuhi ile ya mapinduzi Thabit aligonga mlango wangu. Aliniita kwa jina, "Masouda, nifungulie," mara tatu, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi. Njiani nyuma yake kulikuwa na watu wanakuja. Nlikuwa peke yangu, nimelishika komeo kwa mikono miwili, na sikufungua. Nkasikia walivyommaliza, pale pale barazani kwangu. Miaka sita sikumwambia mtu, hata Ishaq.

Basi nkakaa kwenye mkeka wa Bi Rahila nkasema maneno yangu ya kuaga. Hakujibu. Nkayarudia, nkidhani labda ni masikio. Akavuta kikapu chake, akatoa kofia mpya ya kushona kwa mkono, ile kazi ya vitundu inayochukua miezi.

"Hii ya Thabit," akasema. "Mpelekee."

"Bi Rahila, mimi nnakwenda Ugiriki."

"Nimesikia unakokwenda. Radhi atakupa mwenyewe."

Nkasema inshallah, ntamfikishia. Ulimi hauna mfupa, na mtu mzima yule utamkatalia vipi? Lakini ukishasema utafikisha, imekuwa amana, na amana ina mwenyewe. Nlirudi mjini nimeificha ndani ya buibui, na wallahi nliogopa kuitazama.

Siku ya tatu Ishaq akarudi na barua ya yule mjane. Akaisoma amesimama, akakaa, akanifasiria.

"Chumba kiko tayari. Ndugu yenu keshafika. Hataki kitanda. Anakaa nje kwenye ngazi, ingawa mlango nimemwachia wazi. Anasema anamngojea Masouda amfungulie. Jua la huku ni kali na kichwa chake ki wazi, lakini kaniambia kofia yake inaletwa. Naomba mje upesi, kwa sababu hali kitu, na majirani wameanza kuniuliza."

"Ndugu gani?" Ishaq akasema. "Mimi nimeandika watu wawili. Na jina lako sikulitaja, nimeandika mimi na mke wangu."

Nkamnyang'anya barua nkatafuta tarehe, hiyo naweza kuisoma. Iliandikwa siku kumi na moja kabla sijakanyaga kwa Bi Rahila.

Nlikwenda Sidab na jua la adhuhuri. Nkamwekea kofia mapajani, na barua juu yake, nkamwambia yote: mlango, komeo, mara tatu, barazani. Nkamwambia nliogopa, na kwamba mwanawe hakufika Mombasa wala Dubai. Nlilia kama mtoto na sikuona haya.

Bi Rahila aliigeuza ile kofia, akakata kwa meno uzi uliochomoza.

"Nnajua kama aligonga kwako," akasema. "Alianza kwangu."

Nkamtazama.

"Na miye nlilishika komeo. Aliniita mama. Nkasikia nyayo zake zinakwenda mlangoni kwako, nkashukuru Mungu. Nkasema, Masouda atafungua."

Akanitia kofia mkononi, akanifumba vidole juu yake.

"Miaka sita namwachia mlango wazi, haji kwangu. Nenda ukamfungulie. Ukipata radhi yako, mwanangu, niombee na yangu."

Tunaondoka Alkhamisi, kwa ndege, kiwanja cha pale Ruwi. Ishaq nimeshamweleza. Anakaa tu anaitazama ile kalenda. Achari nimeitoa mzigoni. Jana kamwandikia yule mjane maneno niliyomtaka ayaandike, kayapeleka posta yapigwe kwa simu ya maandishi ili yawahi: kwamba tunakuja watu wawili, kofia tunayo, na kwamba mpaka tufike, tafadhali, aufunge ule mlango, ili nije niufungue.