Mkasi, Bibi Panya

Fundi cherehani alikuwa amekata nyuzi kwa meno miaka arobaini, mkasi wake pambo tu. Ugonjwa wa fizi ulipomla mfupa wa taya, hata meno ya mbele yakawa yanacheza kama wageni wanaotaka kuaga, daktari alimpasua ufizi, akamtilia unga wa mfupa, akamshona.

"Mfupa utaota upya, mama. Lakini miezi sita usiume uzi. Ukiutikisa kabla haujashika, basi tena."

Mumewe, mzee asiye na kazi ila maneno, akahamishia kiti chake kando ya cherehani. Kila uzi ulipokaribia mdomo alifoka, "Mkasi, bibi panya!"

"Na wewe paka, hulali?"

"Nikilala nani atayalinda? Meno hayo ndiyo yaliyonichekea yakaniponza."

Mwezi wa tatu picha ilionyesha mfupa umeanza kuota. Mwezi huohuo mzee alijilaza mchana, asiamke.

Nguo ya kumzikia, mkewe hakukubali ishonwe na mwingine. Alishona machozi yakimdondokea vidoleni, kile kiti kikiwa kitupu ubavuni. Alipomaliza pindo, mkono wenyewe ukaupeleka uzi mdomoni. Hakuna aliyefoka. Akauma, akauvuta, na jino likamcheza.

"Mama jamani," daktari alisikitika, "mkasi hukuwa nao?"

"Nilikuwa nao, mwanangu. Aliyekuwa akinikumbusha ndiye niliyekuwa namshonea."